Vifungo Saba vya Kijivu

Jumamosi hiyo, ya kumi na moja tangu aajiriwe katika karakana ile ya samani, Mzee Misumari alifika kazini mikono mitupu. Nyundo yake ndogo, ile yenye sumaku kwenye kichwa, alikuwa ameirudisha chumbani kwake Ijumaa jioni, akaiviringisha ndani ya shati pamoja na sindano zake zilizopinda, akavisukumia chini kabisa ya begi. Juu yake zikaja nguo. Juu ya nguo kikaja kikombe. Kuyafunga maisha yake yote kulichukua muda wa kuchemsha maji ya chai, na chai yenyewe hakuinywa, maana kikombe kilikuwa kimeshaingia begini na hakuwa na kingine.

Basi lilikuwa la Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Hakumwambia mtu.

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Zamani, katika mji wa kwanza aliouhama baada ya kufiwa na mkewe, aliaga. Alisimama mlangoni kwa mafundi wenzake, kofia mkononi, akasema jamani mimi kesho sipo. Wakasema haya, safari njema, bila kuinua vichwa, na mmoja akamwomba aurudishe mlango akitoka kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia. Aliurudisha. Tangu siku hiyo akaona kuaga ni kujitafutia aibu. Miji mingine yote aliihama kimyakimya, na hakupata kusikia kwamba kuna mji hata mmoja uliomtafuta.

Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi. Kazi hiyo, kwa fundi wa zamani, inaanzia mdomoni. Misumari midogo ya kochi unaitia mdomoni kiganja kizima, unaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kichwa mbele, nyundo inaudaka kwa sumaku, unapiga. Vijana wa siku hizi wana bastola ya pini, ta-ta-ta-ta, kiti kimekwisha. Yeye alibaki na misumari yake, na jina akapewa kutokana nayo. Tatizo ni kwamba mtu mwenye misumari mdomoni hana mazungumzo. Ukimsalimia, anaisukuma yote kwenye shavu moja, anakujibu kwa upande uliobaki, kisha anairudisha. Watu wa karakana walimsalimia hivyo wiki ya kwanza, wakaona wanamsumbua, wakapunguza. Hawakuwa wabaya. Walimpisha mlangoni, walimwachia kiti cha mbele kwenye gari. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza jana ulikula nini.

Mchezo ulikuwa wa Jumamosi tu, kwa sababu ya gundi. Siku hiyo Seremala huunganisha fremu za wiki inayofuata, na fremu ikishapakwa gundi lazima ikazwe kwa vibano saa mbili nzima. Huwezi kuacha vibano hadi Jumatatu, vitatia makovu kwenye mbao. Huwezi kuondoka ukarudi, kwa sababu gari la kuwarudisha watu nyumbani ni moja na Dereva ni mmoja. Kwa hiyo kazi inakwisha saa saba, watu wanakaa mpaka saa tisa wakitazama gundi ikikauka. Karani, yule dada wa ofisini anayepokea oda za wateja, ndiye aliyewaletea mchezo wa fisi. Alisema amechoka kuwaona wamenuna kama wako msibani.

Mchezo wenyewe ni hivi. Wachezaji saba wanakaa duara, Karani anasimamia. Kila mmoja anachukua alama yake kwenye kopo na kuitazama kwa siri: wawili ni fisi, watano ni raia wema. Karani anasema mji umelala, wote wanafumba macho. Anasema fisi amkeni, wale wawili wanafumbua na kumnyooshea kidole mtu wa kumla. Mji ukiamka, aliyeliwa anatoka, na waliobaki wanaanza kushukiana, kutukanana na kuapa kwa mama zao, mpaka wanapatana mtu mmoja wa kumfukuza. Wakimfukuza fisi, vizuri. Wakimfukuza raia, hasara yao. Walioliwa na waliofukuzwa wanakwenda kukaa makaburini, yaani kwenye kochi lolote linalongoja kumaliziwa, na maiti haruhusiwi kusema neno.

Mwanzoni alama zilikuwa vikaratasi, lakini vikaratasi hujikunja, na Dereva alishajua cha fisi kwa kona iliyochanika. Mzee Misumari, Jumamosi yake ya tatu, alileta vifungo. Alivitengeneza mwenyewe, saba, aina ile ya kukandamiza mgongo wa kochi, vyote kwa kitambaa kimoja cha kijivu. Kwa mbele huwezi kuvitofautisha hata ukivipapasa. Kwa nyuma, vitano vimefungwa kwa uzi wa kijivu na viwili kwa uzi mwekundu. Kuvitengeneza kulimchukua jioni tatu chumbani kwake. Karani akasema, "Asante Mzee, vizuri kweli," akavimimina kwenye kopo, mchezo ukaendelea.

Na katika mchezo huo Mzee hakufa hata mara moja. Fisi hawakumla, maana kumla mtu lazima kwanza umfikirie. Raia hawakumfukuza, maana kumshuku mtu lazima umtazame. Mara tatu alipata kifungo chenye uzi mwekundu, akawamaliza mji mzima pole pole. Mwisho akakigeuza, wakasema "Kumbe ni Mzee," wakacheka, na Jumamosi iliyofuata walikuwa wameshasahau. Alikuwa anashinda kila mara na kushinda kwenyewe kulimkaa kooni. Safari ya tatu, alipobaki peke yake kwenye duara, aliangalia viti vitupu akaona hiki ndicho chumba changu, tofauti ni ukubwa tu. Usiku ule ndipo alipouliza ratiba ya mabasi.

Basi Jumamosi hii ya mwisho walikaa kama kawaida: Seremala, mwenye penseli sikioni hata akilala; Vanishi, anayepaka mbao rangi na ambaye vidole vyake havikuwahi kuwa safi; Dereva; wasichana wawili wanaojaza mito, waliozoea kuitwa Mto Mkubwa na Mto Mdogo; Mama Pacha, mshonaji, ambaye cherehani yake ilitazamana na meza ya Mzee; na Mzee mwenyewe. Kopo likazunguka. Mzee akachungulia kifungo chake. Uzi wa kijivu, raia. Akakifumbata.

Mji ukalala, mji ukaamka, na aliyeliwa akawa Mto Mdogo.

"Kila wiki mimi," alisema Mto Mdogo akiinuka. "Nina ladha gani hasa?"

"Maiti hawasemi," alisema Karani.

Mto Mdogo akaenda kujitupa kwenye kochi la daktari mmoja, mteja wao, lililokuwa makaburi ya wiki ile. Kochi lenyewe lilikuwa kubwa, la watu watatu, limeshavishwa mikono na kiti. Mgongo tu ulikuwa bado, sponji liko nje, matundu ya vifungo yameshapimwa kwa chaki, kazi pekee aliyoifanya Mzee asubuhi ile.

"Dereva huyu," alisema Seremala. "Angalieni anavyotabasamu. Mtu ameliwa, yeye anatabasamu."

"Mimi natabasamu tangu kuzaliwa, ni sura," alisema Dereva. "Yako ndiyo inatia mashaka. Uso kama ubao usiopigwa randa."

"Jibu hoja."

"Hoja gani? Umeleta meno yangu, hujaleta hoja."

Seremala akageuka kumkemea Mto Mdogo, aliyekuwa amelalia mgongo wa kochi. "Wewe marehemu, usiegemee hapo, hapajafungwa." Kisha, kwa kuwa jambo lilimjia, akauliza, "Hivi Mzee, Jumatatu utalimalizia kochi hili? Daktari amenipigia tena asubuhi."

"Jumatatu nitamaliza," alisema Mzee Misumari.

Ndiyo maneno pekee aliyoyasema mpaka hapo. Seremala akawa ameshamrudia Dereva. Ndipo Mama Pacha, aliyekuwa kimya muda wote akizungusha subana, kile kikofia cha chuma cha mshonaji, kwenye kidole, akanyoosha mkono.

"Fisi ni Mzee."

Watu wakageuka huku na huku. Hawakushtuka, walikuwa wanatafuta ni mzee gani.

"Mzee huyu?" alisema Vanishi. "Mama Pacha, Mzee hata hajasema kitu."

"Kasema. Na alichosema ni uongo."

"Umejuaje?"

"Nikikuambia, ataficha."

Mzee Misumari aliinua kichwa. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kutoka kwa mtu mmoja tu duniani. Mkewe, katika miaka yote ya ndoa yao, hakukubali uongo wake hata mmoja. Ilikuwa akirudi amechelewa na sababu yake mkononi, mama huyo anamtazama, anaendelea kuchambua mchele, anasema, "Hiyo ya uongo, niletee nyingine." Mzee alimbembeleza amwambie anajuaje. Alimkasirikia. Aliwahi kujitazama kwenye kioo akidanganya peke yake, mtu mzima, asione kitu. Na kila mara jibu lilikuwa lile lile: nikikuambia, utaficha. Akafa nalo. Miaka kumi na minne Mzee alikuwa amezunguka miji akidanganya watu, uongo mdogo mdogo wa mpita njia, sijambo, nimeshiba, nimezoea, na hakuna aliyerudisha hata mmoja.

"Jitetee, Mzee," alisema Karani kwa upole, kama anayemwongoza mgeni.

"Mimi ni raia," alisema.

Mama Pacha akakunja uso, akafungua mdomo kama anayetaka kurudisha neno. Lakini Dereva alikuwa ameshachangamka. "Mama Pacha hajawahi kukosea. Mimi namfuata." Akanyoosha kidole. Vanishi naye akanyoosha. Mto Mkubwa akanyoosha kwa sababu wenzake wamenyoosha. Pamoja na cha Mama Pacha vikawa vidole vinne, vyote kwake. Macho yote pia. Mzee hakujua afanye nini na mikono yake. Ilikuwa kama mtu aliyekaa kizani siku nyingi kufunguliwa dirisha ghafla. Inaumiza, lakini hutaki mtu alifunge.

Akageuza kifungo. Uzi wa kijivu.

"Aaa," alisema Seremala. "Mmefukuza raia. Hongereni."

Dereva na Vanishi wakacheka kupita kiasi, na kila mwenye akili angewashuku papo hapo. Mzee akainuka, magoti yakalia, akaenda makaburini kwa mara ya kwanza. Akakaa kwenye kochi alilolivisha kwa mikono yake na akagundua kwamba hajawahi kulikalia. Lilikuwa zuri. Upande wa pili Mto Mdogo alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya simu, anatikisa kichwa kwa muziki wake, dunia hana habari nayo.

Mji ukalala. Mji ukaamka. Fisi walikuwa wamemla Mama Pacha.

Alikuja akaketi karibu na Mzee bila kusema, akanyoosha gauni lake, akangoja wale wanne waliobaki waanze kupayukiana. Kelele zilipopanda vya kutosha akainamisha kichwa.

"Wewe umedanganya," alisema kwa sauti ya chini.

"Kifungo si umekiona?"

"Kifungo nimekiona. Na shavu nimeliona."

"Shavu gani?"

Mama Pacha akamtazama kwa muda, akipima. Kisha akaona aseme. "Ukiwa na misumari mdomoni, kabla hujamjibu mtu unaisukumia huku." Akajigusa shavu la kushoto. "Ukitaka kudanganya unaisukuma hata kama haipo. Ulimi unakwenda wenyewe, shavu linatuna, kama mtoto aliyeficha peremende. Nimekaa mbele yako wiki kumi na moja, Mzee, sina pengine pa kutazama. Mara ya kwanza ulipokuwa fisi sikujua ni nini. Ya pili nikasema huyu ana jino. Ya tatu nikawa nimeshaliwa, nimekaa makaburini nakuona unavyowadanganya, na maiti hawasemi. Nilikaribia kupasuka."

Mzee akapeleka mkono shavuni. Hivyo tu, kumbe. Miaka yote ile, shavu. Akamkumbuka mkewe siku za mwisho, amekuwa mdogo kitandani, akimuuliza, nitapona? Naye akasema utapona. Mkewe alimtazama, akatabasamu, akainua kidole akamgusa hapo hapo, upande wa kushoto, akasema hiyo ya uongo, niletee nyingine. Hakuwa na nyingine. Alidhani lile lilikuwa penzi la kumgusa tu.

"Sasa niambie," alisema Mama Pacha. "Ulidanganya nini? Uliposema wewe ni raia shavu lilitulia, nikajua nimekosea, ila vidole vilikuwa vimeshanyooshwa. Kabla ya hapo ulikuwa umesema maneno mawili tu. Jumatatu, na nitamaliza."

Mama Pacha akageuza macho kwenye ukuta wa zana. Kila fundi alikuwa na msumari wake pale. Wa Mzee ulikuwa mtupu.

"Na nyundo yako haipo," alisema.

Kwenye duara Seremala alikuwa anaapa kwa marehemu bibi yake.

"Saa ngapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Kesho. Saa kumi na mbili."

"Una ndugu huko?"

"Hapana."

"Umeitwa kazi?"

"Kazi ipo kila mahali. Watu wanakaa kila mahali."

"Basi unafuata nini?"

Alilifikiria swali hilo, maana hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe. "Sifuati kitu, mama. Ni miguu tu."

Mama Pacha alimwangalia shavu. "Hiyo ni kweli," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekagua mshono akaukuta sawa na bado haukumfurahisha.

Hakusema usiende. Mzee alijishangaa kujikuta anangoja neno hilo. Mama Pacha alizungusha subana yake mara mbili, akaivua, akaivaa.

"Mimi najua kushona," alisema mwisho. "Kufunga mgongo wa vifungo sijui. Hapa hakuna anayejua. Lakini hilo tungelipatia njia, mteja tungemdanganya. Mimi ninachojiuliza ni kingine. Jumatatu wakisema Mzee kaenda wapi, mimi niseme nini? Kwamba nilimwona anadanganya, nikadhani ni mchezo?"

Shavu la Mzee halikuwa na la kufanya.

Duara likalipuka kwa kelele. Dereva na Vanishi walikuwa wamegeuza vifungo vyao, nyuzi nyekundu zote mbili, wamemaliza mji. Seremala alikuwa anadai haki. Karani akatazama saa, akasema gundi bado dakika arobaini, muda wa mchezo mmoja zaidi upo. Maiti wakafufuliwa, wakarudi kwenye viti. Kopo likazunguka tena.

Mzee alichukua kifungo akakifumbata bila kukigeuza.

"Kabla hatujalala nina swali," alisema Mama Pacha. "Mzee, Jumatatu utalimalizia kochi la daktari?"

"Si ameshajibu?" alisema Dereva. "Mama Pacha, wewe kushindwa kumekuchanganya."

"Nataka nisikie tena."

Wote wakamgeukia. Penseli ya Seremala, vidole vya Vanishi, Mto Mdogo ametoa kidude kimoja sikioni. Mzee akauona mlango wa chumba chake, begi juu ya kitanda, kikombe juu ya nguo. Akaliona basi. Akauona na ule mji wa mbele, ambao hakuujua lakini aliujua wote: karakana, meza, salamu ya asubuhi, basi. Kisha akaona matundu ya chaki kwenye sponji, ishirini na manne, aliyoyapima mwenyewe. Alitafuta ndani yake jibu ni lipi, na kwa kweli hakulipata.

"Nitalimaliza," alisema.

Hakujua kama ulimi ulikuwa umekwenda. Miaka sitini na kitu ameishi na ulimi huo na hakuweza kusema ulikuwa wapi. Akamtazama Mama Pacha, kama mtu anayemkabidhi mwenzake barua amsomee.

Mama Pacha hakuharakisha. Alimtazama shavu la kushoto kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano.

"Hapo kasema kweli," alisema. "Karani, laza mji."

"Mama Pacha leo kazi unayo," alisema Vanishi.

"Mji unalala," alisema Karani. "Tazameni vifungo vyenu, halafu mfumbe macho."

Mzee Misumari akakigeuza chake chini ya kiganja. Uzi ulikuwa mwekundu. Mbele yake, kwa umbali ule ule wa cherehani na meza, Mama Pacha alikuwa bado hajafumba. Mzee akafumba macho haraka, akaanza kutafuta pa kuuweka ulimi.